Maneno ya Kuazima Msibani

Mwaka juzi, wakati wa masika, tulizika watu wanne katika siku tisa. Usharika wetu una mitaa mitatu, na mvua ilikuwa imekata barabara ya mtaa wa juu, hivyo misiba ya huko tulikwenda kwa miguu, kanzu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni na viatu mkononi. Siku za juma tunafundisha katika chuo cha theolojia. Mwisho wa juma tunasaidia usharikani. Jioni ya siku ya nane mwinjilisti alitupigia simu kwamba kijana mmoja wa bodaboda amegongwa na lori akirudi nyumbani, na mazishi ni kesho yake saa nane mchana. Mama yake ni mjane, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na huyo ndiye alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee.

Saa tano usiku tulikuwa bado tumekaa mezani. Umeme ulikuwa umekatika. Biblia ilikuwa wazi mbele yetu, na kichwani hamkuwa na kitu. Basi tukachukua simu, tukafungua ile programu ambayo wanafunzi wetu walikuwa wametuonyesha, tukaandika: kijana wa miaka 26, dereva wa bodaboda, mama mjane, mazishi ya Kilutheri, mahubiri ya dakika kumi na mbili, kwa Kiswahili. Hatujamaliza hata kupiga mwayo, maneno yakaanza kuteremka kwenye kioo. Yalikuwa mazuri. Tuseme kweli mbele za Mungu: yalikuwa mazuri kuliko mengi tuliyowahi kuandika kwa jasho letu wenyewe. Tukabadilisha neno hapa na pale, tukayanakili daftarini kwa kalamu, labda ili yafanane na kazi ya mkono wetu, na kesho yake tukayasoma kaburini. Watu walilia. Mzee mmoja wa kanisa alitushika mkono akasema, "Mchungaji, leo Roho alikuwa kazini." Hatukumsahihisha.

Majuma matatu baadaye tulikwenda kumjulia hali yule mama. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatuletea chai na ndizi za kuchoma. Tulipomaliza kikombe cha kwanza akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Baba mchungaji, nani alikuambia kwamba mwanangu akicheka nyumba nzima inajaa?"

Tukamtazama. Akaendelea: "Mwanangu alikuwa na kigugumizi tangu utoto. Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Nilipokuwa nakusikiliza pale kaburini nikadhani umekosea ukurasa, unamzika mtu mwingine."

Tulisema kwamba pengine tulichanganya, kwa kuwa misiba ilikuwa mingi. Hilo nalo lilikuwa uongo. Tukaaga mapema.

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma juu ya mashine hizi kuliko tulivyowahi kufikiri tungesoma, na tumeona kwamba swali lililotukuta pale kwa mama ni swali ambalo wenye elimu hiyo wamelibishania tangu mwanzo: je, mashine itengenezwe ili ifikiri kama mtu, au angalau ionekane inafikiri kama mtu? Au itengenezwe ifanye kazi yake kwa njia yake, na mtu abaki kuwa mtu?

Hata lugha yetu haijaamua. Redio nyingine husema akili bandia, nyingine akili unde, na magazeti yetu mengi huandika akili mnemba. Wataalamu wa Kiswahili watashindana wenyewe; sisi tunayapenda yale mawili ya kwanza kwa sababu yanatufundisha jambo. Unde limetokana na kuunda. Kitu kilichoundwa hakina aibu. Bezaleli, katika kitabu cha Kutoka, alijazwa Roho wa Mungu ili ajue kufua dhahabu, kuchonga mawe na kukata miti, na hatusomi mahali popote kwamba Mungu aliona wivu juu ya ustadi ule. Yeye ndiye aliyeutoa. Bandia ni neno lenye sura mbili. Mzee aliyepoteza mguu akiwekewa mguu wa bandia, tunamshukuru Mungu na tunamshangilia anapotembea kuja mezani pa Bwana. Noti bandia ikipatikana kwenye kapu la sadaka, tunaita polisi. Zote mbili ni za kuiga. Ule mguu haumdanganyi mtu. Mwenyewe anaujua, mkewe anaujua, na jioni anauvua na kuuegemeza ukutani. Noti ile kazi yake yote ni kudanganya, na ikishajulikana ni bandia haina kazi tena.

Basi mahubiri yetu ya siku ile yalikuwa mguu au noti?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Alan Turing, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa waliofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani, aliandika makala katika jarida la falsafa liitwalo Mind. Aliuliza kama mashine zinaweza kufikiri, kisha akasema kwamba swali hilo halishikiki, akaweka mchezo mahali pake. Muulizaji akae chumba kimoja, chumba kingine awepo mtu, na kingine mashine, waandikiane tu. Kama muulizaji hawezi kutofautisha, basi tuache kubishana. Ndiyo kusema kipimo cha kwanza maarufu cha akili ya mashine kilikuwa kipimo cha kuiga: je, inaweza kutufanya tuidhanie mtu?

Kuna kipande katika makala hiyo ambacho sisi wachungaji tungepaswa kukijua zaidi. Turing alitangulia kujibu pingamizi la wanatheolojia, wale wanaosema kufikiri ni kazi ya roho isiyokufa ambayo Mungu ameipa wanadamu peke yao. Alijibu kwamba hilo linamwekea Mwenyezi mipaka; kama Mungu angependa kumpa tembo roho, nani amzuie? Akaongeza kwamba kutengeneza mashine za namna hiyo si kumnyang'anya Mungu kazi yake, kama vile kuzaa watoto si kumnyang'anya: sisi tungekuwa tunajenga tu nyumba za roho atakazoziumba yeye. Tulipowasomea wanafunzi maelezo haya darasani, mmoja alinong'ona, "Huyu angefaulu mtihani wa dogmatiki." Alisema kweli. Hatupaswi kumkimbia Turing kwa kuogopa kwamba Mungu atapungua. Mungu hapungui.

Hata hivyo kuna mtu mwingine aliyetusaidia zaidi. Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1936 wakakimbilia Marekani. Akawa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha MIT, na mwaka 1966 alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa programu ndogo sana kwa vipimo vya leo. Ukiiandikia, "Nina huzuni kwa sababu ya mama yangu," yenyewe ilikamata neno mama na kukurudishia swali: niambie zaidi juu ya familia yako. Haikuelewa chochote. Iliiga tu namna ya daktari wa nafsi ambaye hurudisha maneno ya mgonjwa kwa umbo la swali. Weizenbaum mwenyewe alijua ni ujanja wa maneno, na katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi, naye alijua. Lakini yule katibu alipokaa kuandikiana nayo, baada ya muda mfupi alimwomba Weizenbaum atoke chumbani, ili abaki nayo faragha.

Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa na jambo moyoni, na mbele yake palikuwa na kitu kinachouliza swali na kusubiri jibu. Ni wangapi kati yetu wana mtu anayewauliza swali na kusubiri jibu? Weizenbaum alishtuka sana, na mwaka 1976 akaandika kitabu kizima kueleza kwamba yako mambo ambayo kompyuta haipaswi kufanya hata kama inaweza, hasa yale yanayotaka mtu amwelewe mtu na kumhurumia. Wenzake wengi hawakupendezwa naye. Sisi tunadhani aliona sawasawa, ingawa hakuwa mhubiri.

Sasa, je, ni lazima mashine ituige ndipo iwe na faida? Bibi zetu walitwanga kwa mchi na kinu. Mashine ya kusaga ilipokuja haikuja na mikono miwili ya kuinua mchi. Ilikuja na mota, mkanda na nyundo za chuma zinazozunguka, na unga ukatoka. Hakuna aliyelalamika kwamba haisagi kama bibi.

Kwenye akili hizi za kuundwa mambo yamekwenda hivyo hivyo mara nyingi. Uko mchezo wa Asia ya Mashariki uitwao Go, unaochezwa kwa kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa mistari 19 kwa 19; wachezaji wetu wa bao wangeuheshimu. Machi 2016, huko Seoul, programu iitwayo AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol michezo minne kwa mmoja. Hiyo ilikuwa imeanza kujifunza kwa kutazama michezo mingi ya wanadamu. Mwaka uliofuata watengenezaji wake walileta nyingine ambayo hawakuionyesha mchezo hata mmoja wa mwanadamu. Waliipa kanuni tu, ikacheza na nafsi yake. Baada ya siku tatu iliishinda ile ya Seoul michezo 100 kwa 0. Kwa hiyo katika jambo lile, kumwiga mtu kulikuwa mzigo.

Tusiende mbali hadi Seoul. Shemeji yetu analima mihogo Mkuranga. Simuni kwake ana programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na wenzao wa IITA, ile taasisi ya utafiti wa kilimo. Anaelekeza simu kwenye jani, nayo inamwambia kwa Kiswahili kama jani lina batobato au michirizi kahawia, hata pale shambani pasipo na mtandao. Picha za mihogo zilizotumika kuifundisha mwanzoni zilipigwa hapa hapa Tanzania. Nuru haijifanyi bwana shamba. Haimsalimu, haimpi pole, haimwambii kwamba inaelewa uchungu wake. Inatazama jani. Shemeji akitaka pole anakuja kwa dada yetu.

Hizi zinazoandika maneno ni za namna nyingine, na hapo ndipo ugumu ulipo. Zimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, kisha zikafundishwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, na kinachofuata tena, mpaka sentensi itimie. Baadaye hunolewa na watu wanaozipa alama kwa majibu yanayopendeza. Malighafi yake yote ni maneno yetu: barua, mahubiri, matusi, maombolezo. Haziwezi kuacha kutuiga, kwa maana ndivyo zilivyoumbika. Tunalokataa ni zile kupambwa kwa makusudi ili mtu asahau anaongea na nini.

Na tunapenda kuuliza: zinamwiga mwanadamu yupi? Tulirudia kusoma mahubiri yale kwa jicho la baridi, tukaona kitu ambacho usiku ule hatukukiona. Yalituita tusherehekee maisha ya marehemu. Nani hapa kwetu husherehekea maisha ya kijana wa miaka 26 aliyegongwa na lori, na mama yake yuko pale amefungwa kanga kiunoni, hawezi kusimama? Yalisema kwamba tabasamu lake litabaki nasi, na kwamba kicheko chake kilijaza nyumba. Hizo ni tanzia za watu wa nchi nyingine, za marehemu wengine, zilizovalishwa Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili yaliyoko huko mitandaoni ni machache sana kando ya yale ya Kiingereza, na misiba yetu haiandikwi. Inaimbwa, inaliliwa, inakaliwa kwenye majamvi. Mashine ingeitoa wapi? Kwa hiyo ilichukua marehemu wa wastani, ikampa mama yetu.

Mwaka 2017, Kanisa lilipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo, Wittenberg penyewe iliwekwa roboti iitwayo BlessU-2. Kanisa la Kiinjili la Hesse na Nassau ndilo lililoileta. Mgeni aligusa kioo kuchagua lugha na sauti, nayo ikainua mikono ya chuma, mwanga ukawaka viganjani, ikatamka baraka na neno la Biblia. Waliifanya ili watu wajadiliane, nao wakajadiliana kweli. Kisha Juni 2023, wakati wa mkutano mkuu wa waumini wa Kiinjili wa Ujerumani, watu zaidi ya 300 walijaa katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Paulo mjini Fürth kushiriki ibada ambayo karibu yote, sala, mahubiri na hata nyimbo, ilikuwa imetungwa na mashine. Sura za watu wasiokuwapo ziliongoza kutoka kwenye kioo kikubwa juu ya madhabahu. Mahali fulani watu walicheka, kwa sababu sura ile ilitamka jambo zito bila kupepesa jicho.

Tulilileta jambo hili darasani tukitarajia mjadala mwepesi. Wanafunzi wengi walisema haifai, wakataja Zaburi inayowacheka sanamu wenye vinywa wasiosema. Mmoja akauliza, "Na sasa zinasema, je?" Kukawa kimya. Kisha akasimama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwanamke aliyekuwa mwinjilisti miaka minane kabla ya kuja chuoni. Alisimulia juu ya mzee mmoja mjane wa mtaa wake ambaye mjukuu alimwekea programu ya namna hii kwenye simu. Mzee yule huongea nayo usiku anapokosa usingizi. "Mwalimu," alisema, "ile simu inamjibu saa nane usiku. Mchungaji wetu alifika kwake mara ya mwisho wakati wa Kipaimara cha huyo mjukuu. Sasa tukiiondoa simu, nani atakwenda?"

Hatukuwa na jibu, na hatujalipata lote mpaka leo. Tunaweza kusema kwamba simu ile haimjali mzee. Hata asipoamka kesho, haitajua. Ni kweli. Lakini kumwambia hivyo mtu aliyeachwa peke yake, bila kumwendea, ni ukatili uliovaa joho la theolojia. Dhambi ya kwanza pale ni ya usharika. Dhambi ya pili, kama ipo, ni ya yule anayetengeneza kitu kiseme "ninakujali" huku akijua hakuna anayejali, ili mzee anunue bando tena kesho.

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa, kama wengi walivyofundishwa, kwamba mfano wa Mungu ndani ya mtu ni akili yake. Ng'ombe hana akili hiyo, sisi tunayo, basi sisi ndio mfano wa Mungu. Mafundisho haya yakisikia kwamba mashine imefaulu mtihani wa Turing, yanatetemeka. Lakini Luther, katika mihadhara yake ya kitabu cha Mwanzo aliyoianza mwaka 1535, hakuridhika nayo. Alisema kwa maana hii: kama mfano wa Mungu ni kumbukumbu, akili na utashi, basi Shetani naye ana mfano huo, tena kutuzidi, kwa maana vipawa hivyo anavyo kwa nguvu kuliko sisi. Luther aliutafuta mfano huo katika namna Adamu alivyoishi mbele za Mungu, akimjua, akimtumaini, bila hofu. Jambo tulilolipoteza na ambalo Kristo analirudisha.

Tulipokutana tena na kipande hicho, utu uzima huu, kilitupa pumziko. Mashine ikitushinda kucheza, kuhesabu, kutafsiri, hata kutunga mahubiri, haijagusa mfano wa Mungu. Lakini kilitukata pia. Kwa maana kama utu wetu uko katika kusimama mbele za Mungu na mbele ya jirani, basi usiku ule wa masika, kijana yule alipohitaji mtu asimame kwa ajili yake, hatukusimama. Tulituma maneno. Marafiki wa Ayubu walipomfikia walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya huduma yao ambayo hakuna anayeilaumu. Mashine haiwezi kufanya hivyo. Ukiiuliza lazima ijibu. Sisi tungeweza. Tungeweza kusimama kaburini tukasoma Injili, tukasema hatukumfahamu sana kijana huyu na tunaomba radhi, tukanyamaza. Lingekuwa jambo la dakika tatu, na lingekuwa kweli.

Katekismo Ndogo inatufundisha amri ya nane: usimshuhudie jirani yako uongo. Watoto wa Kipaimara huwa tunawafundisha kwamba amri hii ni juu ya kusengenya na kusingizia. Hatujawahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kumshuhudia uongo marehemu kwa kumsifu.

Tusieleweke vibaya. Tunazitumia hadi leo. Wiki iliyopita ilitupangia ratiba ya mitihani ambayo ingetugharimu siku mbili. Inatusaidia kuzifupisha makala ndefu za Kijerumani, ingawa tumejifunza kuhakiki, maana hukosea kwa ujasiri mkubwa. Yako mahali ambapo kuiga kunafaa kabisa: kipofu asomewe barua kwa sauti inayofanana na ya mtu, badala ya sauti ya bati. Ule ni mguu wa bandia. Lakini kwenye meza ya Bwana, kwenye kitanda cha mgonjwa, kwenye ungamo na kwenye kaburi, hatutaki kitu kinachofanana na mtu. Tuleteeni mtu, hata akiwa amechoka, hata asiyejua la kusema.

Ilituchukua miezi minne kurudi kwa yule mama. Tulikwenda Jumanne, siku ambayo si ya kutembelea, ili tusije na mzee wa kanisa. Tulimwambia yote: usiku, simu, daftari, na uongo wa kuchanganya misiba. Alisikiliza huku akichambua maharage. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo wale watu walilia kwa ajili ya maneno ya simu?" Tukasema ndiyo. Akafikiri. "Hapana," akasema. "Walilia kwa ajili ya mwanangu. Wewe tu ndiye hukuwapo."

Tukamwomba msamaha. Alitusamehe, kwa maneno machache, na hakuacha kuchambua maharage. Kisha akatupa kazi. Alitaka kuweka msalaba wa saruji kaburini mwaka utakapotimia, na akataka tuje tuseme tena, safari hii juu ya mwanawe.

Basi tulikwenda kijiweni kwa madereva wa bodaboda, tukanunua chai, tukakaa. Siku ya kwanza hawakusema kitu. Walidhani tumekuja kuwahubiria. Siku ya tatu wakaanza. Walisema alikuwa akiwabeba watoto wa shule wakati wa mvua bila nauli, watatu watatu, kinyume cha sheria. Walisema alikuwa mkali juu ya deni. Walisema, na hili mama alilithibitisha, kwamba akizungumza alikwama, lakini akiimba hakwami hata silabi moja, na alikuwa akiimba besi peke yake akiosha pikipiki.

Siku ya msalaba tulisema dakika nne. Tulikwama mara mbili, karatasi haikuwapo. Kisha mama akaanzisha wimbo, na wale vijana wa kijiweni, ambao wengi wao hatujawahi kuwaona ibadani, wakauitikia wakiwa wameshika helmeti mikononi.